Mtaro Huu ni wa Nani? Maelezo Juu ya Serikali za Mitaa na Mafuriko ya Bonde la Msimbazi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita, katika kipindi cha Uraia, mwalimu wetu alituuliza swali ambalo sote tuliliona jepesi. Alisema, "Mtaro wa mbele ya nyumba yenu ukiziba, ni nani apaswaye kuuzibua?" Mikono ikainuka darasa zima. Wa kwanza akajibu, "Serikali." Mwalimu akauliza, "Serikali ipi?" Mikono yote ikashuka isipokuwa mmoja, na mwenye mkono huo alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda nje.

Mimi nilinyamaza kama wenzangu, nami naona haya kukiri hivyo, kwa kuwa mtaro ulioziba ndio ulioingiza maji katika nyumba ya bibi yangu huko Dar es Salaam mwaka 2024. Basi nilipokwenda nyumbani likizo nikaazimia kulitafuta jibu. Niliuliza kwa mtendaji wa mtaa, kwa mjumbe mmoja wa kamati, kwa baba mdogo ambaye ni fundi wa bomba, na mengine nikayasoma. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata. Kama yamo makosa, walimu watanisahihisha.

Kwanza yafaa msomaji aujue mto wenyewe. Mto Msimbazi watoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, wapita katikati ya jiji kwa mwendo wa kilometa 35 hivi, wapokea mto Ubungo, mto Sinza na vijito vingine, kisha waingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe bila kulowa kifundo cha mguu, na mgeni akiambiwa kwamba huo ndio mto unaofunga barabara ya Morogoro huweza kucheka. Wakati wa masika hacheki. Maji hufunika uwanja wote wa Jangwani, magari husimama pande mbili, na watu wa Magomeni hutazamana na watu wa Kariakoo kama waliotengwa na ziwa.

Mvua peke yake haielezi jambo hili. Bonde hili lilipata mvua kubwa tangu zamani, lakini jiji lenyewe halikuwa hili. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kila mtu ataka paa juu ya kichwa na njia mbele ya mlango. Mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa yaanguka juu ya bati, saruji na lami, nayo haina pa kwenda ila mtaroni, na mtaro haupeleki pengine ila mtoni. Tena vilima vya juu vimekatwa miti na kulimwa na kuchimbwa, hivyo mchanga wateremka pamoja na maji, nao ukifika bondeni ambako mwendo wa maji ni mdogo hutulia. Mwaka hata mwaka sakafu ya mto yapanda juu. Baba mdogo asema kwamba alipokuwa mtoto walipita chini ya daraja wakiwa wamesimama wima, na leo mtu mzima lazima ainame. Sina kipimo cha jambo hilo ila neno lake.

Wataalamu walilijua bonde hili mapema. Ramani ya mipango ya jiji ya mwaka 1979 ililihesabu kuwa ni ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa nyumba. Nilipomsomea bibi habari hiyo aliniuliza, "Na mimi nani aliniambia?" Yeye alinunua kiwanja chake baadaye kwa mtu aliyekuwa akilima mchicha, wakaandikiana mbele ya mashahidi. Kariakoo ilikuwa karibu, aweza kwenda kwa miguu na kikapu chake. Baadaye umeme ukaletwa, maji ya bomba yakaletwa, na mtu aliyeletewa umeme huamini kwamba ametambuliwa. Mimi sioni kwamba bibi alikuwa mjinga. Naona kwamba ramani ilikaa kabatini na bibi alikaa bondeni, na baina yao hapakuwa na mtu wa kupeleka habari. Mtu huyo, kwa kanuni, angetoka Serikali za Mitaa, na ndiyo maana nataka kuzieleza.

Serikali za Mitaa zimetajwa katika Katiba ya nchi yetu, ibara ya 145 na 146, na kazi zake zimeandikwa katika sheria mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na moja ya mamlaka za miji. Wengi wetu hatujui kwamba kabla ya hapo zilikuwa zimekufa. Mwaka 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zikavunjwa, za wilaya kwanza na za miji baadaye kidogo, kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu mikoani. Nia ilikuwa njema, kuwasogezea watu maendeleo, walakini mijini kazi ndogo ndogo zilikosa mwenyewe. Taka zikalala, mitaro ikaziba, vyoo vikafurika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na wanaoandika historia ya mambo haya hukitaja kipindupindu hicho kuwa moja ya sababu. Kwangu mimi jambo hili lafundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya madaraka: nchi ilijua faida ya halmashauri ya mji siku ilipokosa mtu wa kuzoa taka.

Ngazi zenyewe si ngumu kuzikumbuka. Chini kabisa mjini ni mtaa. Mtaa una mwenyekiti na wajumbe wa kamati wanaochaguliwa na wakazi, kama ilivyofanywa tarehe 27 Novemba 2024, na una mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Juu ya mtaa ni kata, yenye diwani aliyechaguliwa na mtendaji wa kata aliyeajiriwa. Juu ya kata ni halmashauri, ambamo madiwani hukaa katika baraza chini ya meya, na mkurugenzi na wakuu wa idara hutenda yaliyoamuliwa. Wengi huchanganya hapa na balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mtu wa chama wala si ngazi ya serikali, ingawa bibi yangu akiibiwa kuku huenda kwa balozi kwanza, na mara nyingi kuku hupatikana.

Sasa nirudi kwenye mtaro. Mtaro uliopita nyuma ya nyumba ya bibi nilifuatana nao siku moja kutoka juu hadi chini, nikiwa na daftari, na watoto wa mtaa wakinifuata wakidhani nimetumwa kupima viwanja. Waanza kando ya barabara kuu. Hapo ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukiacha barabara kuu waingia kwenye barabara ya mtaa, na hapo ni wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 ukachukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri pamoja na mitaro na makalvati yake. Kisha wapita katikati ya nyumba za watu pasipo barabara, na hapo ni juu ya mtaa na wenye nyumba. Mwisho wamwaga mtoni, na mto una Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inayosimamia maji yake, na Baraza la Taifa la Mazingira linalosimamia usafi wake. Hayo ni ya mtaro mtupu. Taka zilizomo ndani ya mtaro ni kazi ya halmashauri. Bomba la maji lililopita juu yake na kukamata taka hizo ni la DAWASA. Na maji machafu ambayo jirani ayaachia humo usiku wa mvua ni kazi ya bwana afya.

Jambo hilo la mwisho lataka nilieleze, kwa kuwa wenzetu waliokulia mashamba hawalijui. Nyumba nyingi bondeni zina vyoo vya shimo, na maji ya ardhini hayako mbali. Shimo likijaa, kuita gari la kunyonya ni gharama, tena gari halipiti uchochoroni. Basi wengine hungoja mvua kubwa wakatoboa ukuta wa shimo, na mvua huchukua vilivyomo. Watu wa Dar es Salaam huita "kutapisha choo". Ni kosa kisheria, na wote hujua ni nani aliyetapisha, lakini ni vigumu kumshitaki jirani ambaye kesho utaazima kwake chumvi. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, kikaanzia Kinondoni na kuenea mikoa mingi, mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha kuchemsha maji na kutia dawa. Lakini njia za ugonjwa ule zilikuwa zimechimbwa kabla yake, moja kwa kila mtaro.

Sisemi kwamba ni vibaya kazi kugawanywa. Wakala wa barabara ana mitambo ambayo mtaa hauwezi kuinunua hata kwa miaka hamsini. Tabu ni kwamba maji hayajui mpaka. TARURA wakizibua sehemu yao wiki hii, na sehemu ya chini isizibuliwe, basi wameyaharakisha maji kwenda kumfurikia mtu wa chini. Hata mto mzima una tabu hiyo hiyo. Waanzia eneo la Kisarawe, mkoa wa Pwani, ukapita katika eneo la Ilala, ambalo tangu Februari 2021 ndilo Jiji la Dar es Salaam, ukagusa Ubungo, ukaishia Kinondoni. Halmashauri nne, kila moja na baraza lake, bajeti yake na mkurugenzi wake. Anayekata miti Kisarawe hapigi kura Kinondoni, wala anayefurikiwa Kinondoni hamchagui diwani wa Kisarawe.

Hapa shuleni petu mambo ni mepesi zaidi, na twaweza kujifunzia. Mtaro wa nyuma ya jiko ni wa shule, nao ni zamu ya bweni letu, kila mtu ajua. Kalvati la njia panda ya kuingia shuleni si la shule, na ndiyo maana mkuu wa shule aliandika barua badala ya kutupa sisi majembe. Wengine walinung'unika kwamba barua ni uvivu. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipojua kwamba bila barua kalvati haliingii katika bajeti, na lisiloingia katika bajeti haliwezi kutengenezwa hata fedha zikiwapo.

Sasa niseme juu ya taka, na hapa itanibidi nijitaje. Halmashauri haina magari ya kutosha kufika kila mlango, basi huweka wakandarasi na vikundi vya wananchi. Kila nyumba hulipa ada kwa mwezi. Watu wa maguta hukusanya viroba kutoka vichochoroni na kuvipeleka mahali pa kukusanyia, na kutoka hapo lori huvipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa mwa jiji. Mnyororo huu una pete nyingi, na pete moja ikikatika taka hulala. Mvua ikiharibu njia ya dampo, malori hupanga foleni. Malori yakikaa foleni, mahali pa kukusanyia hujaa. Pakijaa, mwenye guta hana pa kumwaga, naye ana watoto wa kulisha.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka 2024 mkandarasi wa mtaa wetu hakuonekana wiki tatu. Ada ilikuwa imelipwa, bibi anazo risiti. Viroba vikajaa uani, funza wakaanza, harufu ikaingia chumbani. Nilikuwa nimekuja likizo fupi. Usiku mmoja bibi alinipa viroba viwili na kunielekeza nyuma ya nyumba kwa kidevu, bila kusema neno. Nilivitupa mtaroni. Nikakuta vya wenzetu vimekwisha tangulia, na hilo likanipa moyo. Siandiki haya kwa kujisifu, wala simsingizii bibi, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua mtaro unakwenda wapi.

Siku ya nne yake Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa habari ya mvua kubwa. Yafaa kila mmoja wetu ajue maneno yao, maana hayatumiwi ovyo. Rangi ya njano ni "angalizo", rangi ya chungwa ni "tahadhari", na nyekundu ni "tahadhari kubwa". Mwenyekiti alimtuma kijana wa bodaboda na spika apite akitangaza kwamba wa bondeni wapande juu. Bibi alisikia vizuri kabisa, akafunga dirisha, akasema haendi. Sababu yake haikuwa ushupavu. Katika mafuriko ya mwaka 2011 waliokimbilia juu walirudi wakakuta milango imeng'olewa na mabati yamekwenda. Ndipo nilipofahamu kwamba tangazo la mvua bila ulinzi wa nyumba ni nusu ya tangazo.

Maji yalikuja saa nane za usiku, na hayakutoka mtoni. Sote tulikuwa tumeelekeza macho upande wa mto, nao ulikuwa bado hatua mia chini yetu. Yalitoka nyuma, mtaroni, yakiwa meusi, yakapita chini ya mlango wa uani kwa utulivu kama mtu anayejua njia. Dakika chache yalikuwa gotini. Nilimwinua bibi juu ya meza, meza ikaanza kutikisika, na nilipokuwa nikifikiri la kufanya mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa na vijana wawili na kamba. Walituvusha mpaka nyumba ya ghorofa ya jirani, tukakaa kwenye ngazi hadi mapambazuko pamoja na watu wengine ishirini na mbuzi mmoja. Tulipoteza unga, magodoro, cherehani ya bibi na madaftari yangu. Hakufa mtu katika mtaa wetu. Kwingine haikuwa hivyo. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi huo huo kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini katika mvua za msimu ule.

Baadaye nilimwuliza mjumbe yule alijuaje kugonga kwetu kwanza. Akanionyesha daftari la shule, la kurasa 48, lenye picha ya twiga. Ndani yake ameandika kila nyumba ya bonde, na mbele ya jina alama: mzee peke yake, mgonjwa, mjamzito, mtoto mchanga. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Nikiisoma sheria hiyo naona maneno makubwa, mpango, tathmini, urejeshaji wa hali. Nikilikumbuka daftari la twiga naona mambo hayo hayo yakiwa na kamba mkononi. Sijui kama mitaa yote ina mtu wa namna ile, nami nadhani haina, maana hapati mshahara.

Kuna na ramani. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, walipita mitaani katika kazi iitwayo Ramani Huria, wakichora njia, nyumba na mitaro, na ndege ndogo zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu. Wakazi walionyesha kwa mikono maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita, na alama zikawekwa. Mtendaji alinionyesha karatasi ya ramani namna hiyo. Kwa mara ya kwanza niliuona mtaro wetu ukiwa mstari wa buluu, nikauona ukiungana na mingine mitatu mahali ambapo kalvati ni moja tu.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini watu wasihamishwe tu. Wamehamishwa. Mvua za Desemba 2011, ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hazikuwa na mfano wake tangu mwaka 1954, ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na mwanzoni mwa 2012 walioathirika walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Wengine wapo huko hadi leo na wamejenga vizuri. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu aliyekuwa akiuza samaki Kariakoo hakuweza kula kiwanja, na nauli ya kwenda na kurudi ilizidi faida ya samaki. Desemba 2015 njia nyingine ilijaribiwa, nyumba zikatiwa alama nyekundu ya X, na katinga zikaingia Mkwajuni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo wabomoaji walikuwa na kitabu mkononi. Lakini waliobomolewa walilala juu ya vifusi na watoto wao, na shauri likaenda mahakamani.

Njia inayofuatwa sasa ni ya tatu. Mwaka 2022 ulikubaliwa mradi wa kuliendeleza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 na fedha nyingine kutoka Hispania na Uholanzi. Usimamizi uko kwa TARURA, chini ya TAMISEMI. Sehemu ya chini ya bonde itachimbwa na kupanuliwa ili mto upate nafasi, kingo zinyanyuliwe, iwepo bustani ya jiji ambayo maji yaweza kuilalia bila kumdhuru mtu, lijengwe daraja jipya refu Jangwani, na gereji ya mabasi ya mwendo wa haraka, ambayo ilijengwa pale bondeni ikafurika mara kwa mara, iondolewe. (Nami huwa nafikiri kwamba kama wenye elimu walijenga gereji ya mabasi bondeni, tusimcheke sana bibi.) Na wanaoondolewa hulipwa kwanza.

Nyumba ya bibi ilipimwa na kuandikwa namba ukutani mwaka 2023, na tulipofurikiwa tulikuwa tukingoja malipo. Yalipokuja, palizuka manung'uniko mengi mtaani. Nyumba ililipwa vizuri kidogo kuliko watu walivyotarajia, ardhi ikalipwa kidogo sana kuliko walivyotaka. Wenye kupima husema kwamba ardhi ya hatari haiwezi kuwa na bei ya ardhi salama. Wenye nyumba husema kwamba kiwanja salama hakiuzwi kwa bei ya ardhi ya hatari. Kila nikisikiliza upande mmoja huona una haki, nikisikiliza wa pili huona vivyo hivyo. Wapangaji ndio walioniuma zaidi. Waliishi pale miaka, na wengi wao waliondoka na magodoro yao tu.

Bibi alinunua kiwanja Chanika na kujenga vyumba viwili. Alisimama mwenyewe siku ya kuvunja, akahesabu mabati aliyotaka kuhama nayo. Chanika kuna upepo mzuri na nafasi ya kufuga kuku. Lakini majirani aliozika nao na kuoza nao kwa miaka mingi wametawanyika, mmoja Mbagala, mmoja Kivule, mmoja amerudi Lindi kwao, na baba mdogo hutumia saa mbili garini kufika kazini. Nimemwuliza mara mbili kama amefurahi kuhama. Mara ya kwanza alisema analala usingizi mvua ikinyesha. Mara ya pili alisema hapana mtu wa kupiga naye soga.

Kwa habari ya fedha nitasema kidogo tu, maana sikufahamu yote. Halmashauri hupata ruzuku ya Serikali Kuu na hupata mapato yake ya ndani, kama leseni, ushuru wa masoko na ada. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa kidogo kidogo mtu anunuapo umeme wa LUKU. Niliwauliza watu wazima saba kama wanalipa kodi hiyo. Watano walisema hapana, na wote saba nyumba zao zina umeme.

Likizo iliyopita nilikwenda na bibi katika mkutano wa wakazi wa mtaa wake mpya. Mikutano hiyo ni ya watu wa miaka kumi na minane na zaidi, basi mimi nilikaa nyuma kabisa na kazi yangu ilikuwa kubeba kiti chake. Mtendaji alisoma mapato na matumizi kwa sauti ndogo, ilikuwa jua la saa tisa, wengi walisinzia. Kisha mwenyekiti akaeleza kwamba barabara ya mtaa itachongwa na mtaro utachimbwa upande wa kushoto, watu wakapiga makofi.

Bibi akanyoosha mkono. Alipopewa nafasi alisimama akishika mgongo wa kiti, akauliza, "Mwenyekiti, mtaro huo mwisho wake ni kwa nani?"

Mwenyekiti alimtazama mtendaji. Mtendaji alifungua jalada, akatoa mchoro, wakainama wote wawili juu ya meza kwa muda. Mwishowe mwenyekiti alisema mchoro unaishia kwenye kona ya shamba la mihogo, na kwamba mwenye shamba hakuwapo mkutanoni. Aliliandika swali la bibi katika kitabu cha mihutasari, akaomba mwenye shamba apelekewe barua, na bibi akaketi.